Mswada umefika kwa kamati: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu Bunge la Kenya na haki za binadamu

Kila mswada wenye utata unapochapishwa, watu huniuliza maswali yaleyale, kwanza kwa simu, kisha ana kwa ana mtaani. Wengine hukasirika kabla hata ya kuuliza: "Hawa wabunge si wameshaamua?" Nimeyaandika majibu hapa ili anayeyahitaji ayasome kwa utulivu. Ninaposema "Kifungu" namaanisha cha Katiba ya 2010, na "kipengele" ni cha mswada au cha sheria ya kawaida.

Kamati hufanya nini na mswada?

Mswada unaposomwa mara ya kwanza katika Bunge la Kitaifa hakuna mjadala. Karani husoma jina lake tu, kisha mswada hupelekwa kwa kamati inayohusika: wa afya huenda kwa Kamati ya Afya, wa kodi kwa Kamati ya Fedha, wa usalama kwa kamati inayosimamia usalama. Kanuni ya Kudumu ya 127, mojawapo ya kanuni zinazoongoza shughuli za Bunge hilo, inaitaka kamati hiyo ishirikishe umma. Huita maoni ya maandishi, huandaa vikao vya kusikiza watu, hukutana na wadau na hutafuta wataalamu pale jambo linapohitaji ujuzi. Ina siku 30 kuandika ripoti yake kwa Bunge.

Baada ya hapo mswada husomwa mara ya pili na kujadiliwa, halafu Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, huupitia kipengele kwa kipengele, ndipo usomwe mara ya tatu. Katika hatua hizo zote, ni ile ya kamati peke yake ambapo mtu asiye mbunge anapewa kiti, anapewa maikrofoni, na maneno yake yanaandikwa katika rekodi.

Haki za binadamu zinaingilia wapi katika mswada wa kodi au wa vitambulisho?

Mara nyingi huingia bila kutajwa. Sijawahi kuona mswada ulioitwa "Mswada wa Kupunguza Faragha." Lakini Mswada wa Fedha wa 2024, uliozungumzwa kila kona kwa sababu ya ushuru wa mkate na mafuta ya kupikia, ulikuwa na pendekezo la kubadilisha Sheria ya Kulinda Data ili data inayohitajika kwa kukadiria au kukusanya kodi isiguswe na ulinzi wa sheria hiyo. Hilo ni suala la Kifungu cha 31, haki ya faragha, na lilikuwa limekaa katikati ya viwango vya ushuru.

Mwaka wa 2018 mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mfumo wa kitaifa wa kusajili watu, uliokuja kujulikana kama Huduma Namba, haukuletwa kwa mswada wake wenyewe. Uliletwa kupitia sheria ya marekebisho mbalimbali, ile ambayo hukusanya mabadiliko madogo madogo ya sheria nyingi katika kitabu kimoja. Ndani yake mlikuwa na ruhusa ya kukusanya chembechembe za DNA za mwananchi na vipimo vya setilaiti vya mahali anapoishi. Kwa hiyo jina la mswada lisikudanganye. Soma ndani.

Nitajuaje kwamba mswada unagusa haki yangu? Mimi si wakili.

Mimi husoma mswada kuanzia mwisho. Baada ya vipengele vyote huwa kuna taarifa ya malengo na sababu, na ndani ya taarifa hiyo huwa kuna aya fupi inayosema kama mswada unampa waziri au chombo kingine mamlaka ya kutunga kanuni, na kama unaweka mipaka kwa haki na uhuru wa msingi. Isome kwanza. Kisha rudi mwanzo ukiwa na kalamu, uangalie kama yaliyoandikwa humo yanaafikiana na aya hiyo.

Mara nyingi aya inasema mswada hauwekei haki yoyote mipaka, ilhali kurasa kumi nyuma afisa amepewa mamlaka ya kuingia ndani ya nyumba, kuchukua simu, kufunga biashara au kumnyima mtu cheti. Jambo hilo hunikera kuliko yote, kwa sababu aya hiyo si pambo. Kifungu cha 24 kinasema sheria inayowekea haki mipaka sharti itamke wazi kwamba inakusudia kufanya hivyo, na itamke mipaka hiyo ni ya namna gani na inafika wapi. Aliyeandika "hakuna haki inayoguswa" bila kuangalia amewanyima wabunge swali ambalo walipaswa kuulizwa kabla ya kupiga kura.

Ukishapata kipengele kinachokutia wasiwasi, kipime kwa maswali ya Kifungu hichohicho cha 24. Lengo lake ni nini, na lina uzito gani? Je, kipengele kinafikia lengo hilo kweli? Je, ipo njia nyingine ya kulifikia ambayo ingemuumiza mwananchi kidogo zaidi? Swali hili la mwisho ndilo lenye makali. Serikali ikitaka kuzuia vitambulisho bandia, huenda alama za vidole zikatosha. DNA ya nini?

Na yapo mambo ambayo hayapimwi kabisa. Kifungu cha 25 kinasema uhuru dhidi ya mateso, uhuru dhidi ya utumwa, haki ya kesi kuendeshwa kwa uadilifu, na haki ya aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya mahakama haviwekewi mipaka kwa sababu yoyote. Ukikuta kipengele kinachonyemelea hayo, hakina haja ya kupimwa. Omba kifutwe.

Mahakama zipo. Kwa nini tuhangaike na kamati?

Swali hili ninaulizwa kuliko mengine, na ninalielewa. Mahakama zetu zimefanya kazi kubwa. Lakini tazama kazi hiyo inavyofanyika.

Novemba na Desemba 2014, baada ya mauaji ya abiria wa basi na ya wachimba mawe kaunti ya Mandera, nchi ilikuwa na majonzi na hofu. Serikali ikaleta Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama. Katika muda usiozidi majuma mawili ulikuwa umechapishwa, umejadiliwa, umepitishwa tarehe 18 Desemba katikati ya purukushani ndani ya ukumbi wa Bunge, na kutiwa saini siku iliyofuata. Vikao vya maoni vilipewa siku za kuhesabu kwa vidole, wakati mswada wenyewe uligusa vyombo vya habari, wakimbizi, washukiwa na majasusi kwa pamoja.

Muungano wa upinzani wa CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu walikwenda kortini. Januari 2015 vipengele kadhaa vilisimamishwa kwa muda, na tarehe 23 Februari majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vipengele vinane. Kimojawapo kilitaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000, wakati waliokuwapo walikuwa wengi kuliko idadi hiyo. Kingine kilimtishia mwanahabari kwa faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa picha na habari zilizoelezwa kwa maneno mapana mno.

Watu husema: "Si unaona? Mahakama ilituokoa." Ni kweli. Lakini aliyekwenda kortini alikuwa muungano mkubwa wa kisiasa wenye mawakili wa kutajika, na nchi nzima ilikuwa inatazama. Kipengele kibaya kilichojificha katika sheria ya maji, ya mifugo au ya leseni za mama mboga hakipati mlalamishi wa namna hiyo. Kinabaki kwenye vitabu, na kinatumika kila siku dhidi ya mtu ambaye hana nauli ya kufika kortini, sembuse ada ya wakili.

Pia jaji huulizwa swali jembamba: je, kipengele hiki kinavunja Katiba? Akijibu "hapana," kesi imekwisha, hata kama kipengele ni kizito, cha dharau au kimeandikwa vibaya. Kamati inaweza kuuliza zaidi. Inaweza kusema kipengele hakivunji Katiba lakini kinahitaji notisi ya siku 14 kabla ya mtu kufurushwa. Inaweza kuongeza rufaa, au kubadilisha "afisa anaweza kutoa sababu" kuwa "afisa sharti atoe sababu kwa maandishi." Neno moja "sharti," likiwekwa mapema, huwasaidia watu wengi ambao hawatajua kamwe kwamba liliwekwa. Jaji hana kalamu ya kuandika hivyo. Yake ni ya kufuta au kuacha.

Katika suala la Huduma Namba, mahakama ilitoa amri ya muda Aprili 2019 kuzuia DNA na vipimo vya mahali visikusanywe, na Januari 2020 ikaamua kwamba kuvikusanya kunakiuka Katiba. Sheria hiyo ilikuwa imepitia Bunge la Kitaifa, na kipengele hicho kingeweza kuondolewa humo kwa marekebisho ya mstari mmoja.

Kuna kamati iliyowahi kusikiza watu kweli?

Wakati mwingine mlango umefunguka. Mwaka wa 2013 mswada mwingine wa marekebisho mbalimbali ulitaka mashirika yasiyo ya kiserikali yasipokee zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao kutoka nje. Kwa shirika linalotoa dawa za UKIMWI au msaada wa kisheria kwa wanawake waliopigwa, hiyo ilikuwa amri ya kufunga. Mashirika yalijaza pingamizi, wananchi wanaohudumiwa nayo wakasema yao, na Desemba mwaka huohuo wabunge wenyewe wakakikataa kipengele hicho.

Mwaka wa 2024 Kamati ya Fedha ilipokea maoni mengi, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari vitaondolewa. Hata hivyo tangazo hilo lilitolewa Ikulu, baada ya mkutano wa wabunge wa mrengo wa serikali. Mimi niliona hilo ni kosa zito. Mtu aliyepanga foleni kutoa maoni anapaswa kuona jibu lake likitoka katika chumba alimotolea maoni hayo. Wiki moja baadaye mswada ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakauawa barabarani, na rais akakataa kuutia saini. Sisemi kamati nzuri ingezuia yote yale. Ninasema watu walikuwa wameshaacha kuamini kwamba kamati ni mahali pa kusikizwa, na hasara yake tuliiona kwa macho.

Kwa nini miswada mibaya hupita licha ya vikao vyote hivyo?

Muda hukatwa kwa jina la dharura. Mswada mmoja hubebeshwa sheria ishirini, na kamati yenye utaalamu wa jambo fulani haiuoni kabisa. Vyama huwapa wabunge msimamo kabla ya ripoti kuandikwa. Tangazo hutolewa gazetini kwa Kiingereza cha mawakili na siku chache za kujibu.

Na kuna hili la ukumbini. Machi 2014, wakati wa Mswada wa Ndoa, rasimu ilikuwa imempa mke sauti pale mumewe anapotaka kuoa mwingine. Usiku wa kupitisha, wabunge wanaume wa pande zote mbili za siasa waliungana kuiondoa sauti hiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Ndiyo maana huwaambia watu: kazi yenu haijaisha ripoti ikishaandikwa. Fuateni mswada hadi usomwe mara ya tatu.

Je, kamati inalazimika kunieleza kwa nini imekataa maoni yangu?

Kwa sasa, hapana, ingawa suala hili lilitikisa nchi. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria yote ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya watu. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikapindua uamuzi huo. Ilisema hakuna wajibu wa wazi wa kutoa sababu, ila ni utaratibu mwema ambao Bunge linafaa kuuwekea njia.

Mimi ninauheshimu uamuzi huo na bado ninaamini sababu zinapaswa kutolewa. Mwanamke aliyetoka Lodwar au Kwale kuja kusema "kipengele hiki kitaninyima cheti cha mtoto wangu" anastahili mstari mmoja wa jibu. Ripoti za kamati zenye jedwali, safu moja ya maoni na nyingine ya uamuzi wa kamati na sababu yake, zipo. Inawezekana. Iwe desturi ya kila kamati.

Kuna kamati maalum ya haki za binadamu?

Seneti ina kamati ambayo jina lake linataja haki za binadamu pamoja na sheria na utoaji haki. Bunge la Kitaifa lina Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria. Lakini hakuna kamati ambayo kazi yake ni kuupitia kila mswada, hata wa samaki au wa barabara, na kuuliza swali la haki tu.

Nchi nyingine zimejaribu. Uingereza ina kamati ya pamoja ya wabunge na mabwana wa Baraza la Juu, iliyoanza kazi mwaka wa 2001. Waziri anayeleta mswada pale hutakiwa kutamka kama unaafikiana na haki zilizolindwa, na kamati humuuliza kwa undani. Australia ilitunga sheria mwaka wa 2011 inayotaka kila mswada uje na taarifa kama hiyo, na kamati ya mabunge yote mawili huichambua. Wakosoaji wa huko husema serikali mara nyingi hupitisha mswada kabla ripoti haijatoka. Hata hivyo ripoti hubaki, na mawakili, wanahabari na majaji huitumia.

Sisi tayari tuna ile aya ya mwisho wa mswada. Tunachokosa ni mtu wa kuihoji. Kamati zote zingeanza kikao cha kwanza kwa kumuuliza mleta mswada, "Aya hii ni kweli?", tungekuwa tumepiga hatua bila kuongeza hata shilingi kwenye bajeti.

Na kanuni zinazotungwa na mawaziri?

Usizisahau. Sheria ya Bunge inaweza kuwa ya upole na kanuni zake zikawa kali. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinapoteza nguvu. Kamati ya Sheria Ndogo huzipima kwa vigezo kadhaa, na kimoja ni kama zinaingilia haki na uhuru wa msingi. Inaweza kupendekeza zifutwe. Ni watu wachache mno wanaoiandikia kamati hii.

Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Ndiyo, bila kuomba radhi. Kifungu cha 120 kinataja lugha rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Anayekuambia ulete tafsiri mwonyeshe Kifungu hicho. Na kama wewe ni kiziwi, una haki ya kusikilizwa kwa ishara zako.

Maoni yanayosaidia huandikwaje?

Mafupi, ukurasa mmoja au miwili. Yaanze na jina la mswada, namba yake, na kipengele unachokizungumzia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni barua ya kurasa sita inayosema "tunapinga mswada wote" bila kugusa kipengele hata kimoja. Mbunge anayekubaliana na wewe hana cha kushika.

Tuseme kipengele kinasema: "Afisa anaweza kuingia katika jengo lolote wakati wowote kukagua." Andika kwamba kinagusa faragha ya nyumba chini ya Kifungu cha 31. Eleza kinavyomwathiri mtu halisi: anayeuza chapati chumbani anamolala na watoto wake anaweza kugongewa saa nane usiku. Kisha pendekeza maneno mapya: "Afisa mwenye kitambulisho anaweza kuingia katika jengo la biashara, saa za kazi; nyumba ya kuishi haitaingiwa bila kibali cha mahakama." Sasa mbunge ana marekebisho tayari mkononi. Hayo ndiyo maoni yanayosafiri kutoka kwenye bahasha hadi kwenye ripoti.

Sema pia wewe ni nani katika jambo hilo. Muuguzi, mvuvi, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu: ujuzi wako haumo katika vitabu vya wataalamu walioalikwa.

Naruhusiwa kukaa tu na kusikiza?

Naam. Kifungu cha 118 kinasema vikao vya Bunge na vya kamati zake viwe wazi. Umma au wanahabari huzuiwa tu katika hali ya kipekee, Spika akiwa ameamua kuna sababu ya kutosha.

Ndugu zetu wa Tanzania je?

Kule pia muswada hupelekwa kwenye kamati na wadau hualikwa, lakini hati ya dharura imefupisha safari ya baadhi ya sheria nzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuja kwa njia hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliishia Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo Machi 2019 iliamua kwamba vipengele vyake kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Siku za maoni zimepita. Nimechelewa?

Bado. Mwandikie mbunge wako, au mbunge yeyote anayelijali jambo hilo, umpe marekebisho ya kuwasilisha katika Kamati ya Bunge Zima. Kama mswada unahusu kaunti, utakwenda na Seneti, na huko kamati itaanza upya kusikiza. Ukishapitishwa, rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha akieleza dosari alizoziona chini ya Kifungu cha 115. Barua kwake si bure. Na baada ya kuwa sheria, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe.

Chochote utakachoandika, peleka nakala mbili kwa ofisi ya Karani wa Bunge na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi ujumbe wenye tarehe. Siku jambo hilo likifika kortini, swali la kwanza litakuwa kama Bunge liliambiwa, na karatasi hiyo itakuwa kwako.